Sufuria ya Jumamosi

Sisi ni wanawake 12 wa jumuiya moja, katika kijiji kimoja cha Makete, mkoani Njombe. Kijiji chetu kipo juu milimani, upande wa kuelekea Kitulo. Wakati wa mvua wageni huja kutazama maua ya uwanda ule, ambao watu wameupa jina la Bustani ya Mungu na ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Lakini mgeni akija Juni au Julai haoni maua. Anakuta nyasi zimekauka, upepo unapenya kati ya mbao za ukuta, na asubuhi umande umeganda juu ya majani kama chumvi iliyomwagika. Hicho ndicho kipupwe chetu. Watoto huenda shule wamevaa sweta mbili, na wazee hawabanduki jikoni.

Tulipoombwa kuandika juu ya imani, tulikaa tukatafuta la kusema. Wengine walitaja mikutano ya injili, wengine walitaja maombi ya mfungo. Mwisho wa yote tulijikuta tumerudi kwenye sufuria moja kubwa ya mchuzi wa kuku na mboga, ambayo tunaipika kila Jumamosi ya kipupwe. Tukasema, basi tuandike hiyo. Tutaeleza namna ilivyoanza, ingawa mwanzo wake si wa kujivunia.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa Julai, Bibi mmoja wa jumuiya yetu aliugua kifua. Tutamwita Bibi tu, kwa sababu ndivyo tunavyomwita sote. Alikuwa akiishi na mjukuu wake wa miaka tisa. Jumatano hakuonekana kwenye ibada ya jumuiya, na mtoto wa jirani akatuambia kwamba anaumwa. Tulimwombea. Hatukumwombea kwa mazoea, tuliomba kwa bidii kweli, wengine kwa machozi. Tulimsihi Bwana amguse kifua, ampe joto, amtie nguvu mwilini. Kisha tukaimba, tukaagana, kila mmoja akaenda kwake kuota moto.

Alhamisi kila mmoja wetu alidhani mwenzake amekwenda. Ijumaa kulikuwa na ukungu na manyunyu tangu asubuhi, na njia ya kwenda kwa Bibi ina utelezi. Jumamosi jioni wawili wetu walipita karibu na nyumba yake wakitoka shambani, wakaona paa halitoi moshi. Katika kijiji chetu, nyumba isiyotoa moshi jioni ya Julai ni nyumba yenye jambo.

Walimkuta Bibi amelala, amejifunika blanketi, kanga mbili na gunia. Mjukuu alikuwa amechemsha viazi siku ya Jumatano. Kuni zikaisha Alhamisi. Tangu hapo walikuwa wakila viazi vile vile, baridi, kwa chumvi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mtatusamehe, hatuna moto wa kuwakaribisha."

Hakutulaumu hata kidogo. Laiti angetulaumu. Alituomba msamaha sisi, tuliokuwa tumemwombea joto siku tatu kabla na kisha tukalala tumeshiba.

Usiku ule ule tulimwashia moto, tukampikia uji, na kesho yake akabebwa kwenda zahanati. Alikuwa na nimonia. Alipona polepole, ikachukua majuma. Lakini Jumatano iliyofuata, tulipofungua Biblia, mmoja wetu alitusomea sura ya pili ya Waraka wa Yakobo, pale anapomsema mtu anayemwona ndugu hana nguo wala chakula, akamtakia heri apate joto na ashibe, asimpe chochote. Tulikuwa tumelisikia neno hilo mara nyingi. Siku ile hakuna aliyeinua macho.

Tulijiuliza kwa nini ilitokea. Si kwamba hatukumpenda Bibi. Jibu tulilolipata ni la jikoni. Kwetu, wema unaoanza baada ya taarifa kufika huchelewa. Ukisikia leo kwamba mtu anaumwa, kwanza utafute kuku. Kuku wetu ni wa kienyeji, nyama yake ngumu. Tena huku juu milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo nyama na maharage huchukua muda mrefu kuiva kuliko kule mabondeni. Kuni zina unyevu. Saa moja jioni giza limeingia. Mpaka mchuzi uive ni usiku, na njia ina utelezi, basi unasema kesho. Na kesho una shamba lako. Tukaona kwamba tukitaka kumfikia mgonjwa kwa wakati, inabidi tuanze kupika kabla hajaugua.

Tukapanga hivi: kila Jumamosi ya Juni, Julai na Agosti, tupike sufuria moja kubwa nyuma ya kanisa. Jumapili baada ya ibada chakula kiende kwa wenye shida. Tukachangishana karoti, vitunguu, njegere na kabichi. Kuku watatu walitolewa na akina mama wenye mabanda. Kuku wa nne aliletwa na mjukuu wa Bibi, amembana kwapani. Bibi alikuwa na kuku jike wawili tu. Mmoja wao alikuwa amekoma kutaga, naye ndiye huyo.

Sufuria ile ya kwanza ilitushinda.

Tulipika vizuri, harufu ikafika mpaka barabarani. Saa moja jioni tukaepua, tukafunika kwa mfuniko mzito, tukaweka jiwe juu kwa ajili ya paka, tukaacha sufuria pale pale karibu na majivu ya moto ili isipoe sana. Tukaenda kulala tukimshukuru Mungu. Asubuhi tulipofunua, mchuzi ulikuwa una mapovu na harufu ya uchachu.

Tulisimama tukiutazama. Mwenzetu mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba labda tuuchemshe tena sana na tuuombee. Akatukumbusha habari za nabii Elisha kule Gilgali, ambako wanafunzi wa manabii walipika mboga yenye sumu, naye akatia unga sufuriani wakala bila kudhurika. Baadhi yetu tuliitikia kwa kichwa. Kuku wanne si mchezo, na mmoja wao alikuwa wa Bibi. Lakini katika jumuiya yetu yuko muuguzi wa zahanati. Akasema, "Mama zangu, Elisha hayupo hapa, ila Mungu ametupa pua. Hiki kimechacha, na kuchemsha tena hakuondoi kila sumu iliyokwisha kuingia. Tunataka kuwapelekea wagonjwa?"

Tukachimba shimo, tukamwaga.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwenda kumwambia Bibi. Tulikwenda watano, tukaketi kwenye vigoda vyake, tukazungukazunguka na habari za hali ya hewa mpaka akatuuliza kilichotuleta. Tukamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kuku nilimtoa kwa Mungu, hilo limekwisha. Sufuria ni yenu. Jifunzeni kupika."

Basi tukajifunza. Muuguzi alituonyesha kosa letu. Sufuria kubwa ikifunikwa ikiwa ya moto hukaa vuguvugu usiku kucha katikati yake, hata kama nje kuna baridi ya kuuma meno, na uvuguvugu ndio vijidudu wanaoupenda. Chakula kikae moto kabisa au kipoe haraka. Hapo katikati ndipo kinapoharibika.

Sasa tunafanya hivi. Jumamosi asubuhi tunachinja kuku wanne, tunanyonyoa na kukata vipande. Saa saba mchana tunabandika sufuria pamoja na maji, vitunguu maji, vitunguu saumu, tangawizi iliyotwangwa na chumvi kidogo tu. Tunaengua povu, kisha moto unapunguzwa, nyama inachemka taratibu saa mbili hadi tatu, mpaka inaanza kuachana na mfupa. Karoti zinakatwa vipande vikubwa na kuingia nusu saa ya mwisho pamoja na nyanya. Viazi, njegere na kabichi haviingii siku hiyo. Tulivitia mwaka wa kwanza, Jumapili viazi vikawa uji na kabichi ikapoteza rangi na ladha.

Tukishaepua, hatufuniki. Tunagawa mchuzi kwenye sufuria ndogo sita, kila moja tunaitumbukiza ndani ya beseni la maji ya kijito, ambayo Julai ni baridi kiasi cha kufa ganzi vidole. Mtu mmoja kwa kila sufuria anakoroga, maji ya beseni yakipata joto yanabadilishwa. Haipiti saa mbili mchuzi umepoa kabisa. Ndipo tunafunika na kuziweka sakafuni katika stoo ya kanisa, upande usiopata jua, ndani ya sanduku lenye wavu. Usiku wa kipupwe ndio friji letu. Ninyi mnaosoma mkiwa Dar es Salaam au Tanga, msifanye hivi bila friji ya kweli. Baridi hii Mungu ametupa sisi wa huku juu.

Jumapili alfajiri mafuta yameganda juu ya mchuzi kama utando wa manjano. Tunayaondoa kwa kijiko, kwa kuwa wazee wetu wengi wana presha. Kisha tunatia viazi na njegere, tunachemsha mpaka vinaiva, kabichi inaingia dakika tano za mwisho. Tunahakikisha mchuzi unatokota kote, si pembeni tu, ndipo tunajaza hotpoti nane. Walio kwenye zamu hukosa ibada ya Jumapili hiyo, lakini jiko liko karibu na ukuta wa kanisa na nyimbo zinasikika. Tumeona wanaokoroga mchuzi wakiitikia ubeti kwa sauti ya nne.

Tulidhani hapo tumemaliza. Kumbe lilikuwa limebaki somo jingine.

Mwaka wa pili tulipeleka hotpoti kwa mama mmoja kijana ambaye tulisikia amekonda. Alifungua mlango nusu, akaona kitambaa cha jumuiya, akasema, "Nani amewaambia mimi ni mgonjwa?" Akafunga. Majirani walikuwa wakitazama.

Tulirudi tumekasirika. Njiani tukaanza kusema maneno yasiyofaa juu ya kiburi cha vijana. Bibi, ambaye wakati ule alikuwa amepona na alikuja nasi, akatukatiza. Alisema kwamba wilaya yetu imezika watu wengi kwa UKIMWI, na tangu miaka ile kila mtu anajua maana ya wanawake wa kanisa kuingia kwenye uwanja wako na chungu. Mkifika kwa mtu, alisema, mmeshampa jina mbele ya kijiji. Mama yule hakukataa chakula, alikataa jina.

Jumatano ile tulijadiliana mpaka taa ikaisha mafuta. Mmoja akapendekeza tupeleke usiku. Mwingine akasema usiku ndio mbaya zaidi. Mwishowe tukaandika kwenye daftari nyumba zote za jumuiya, ambazo ni 26. Tukaamua kwamba kila Jumapili nyumba sita zipate hotpoti kwa zamu, mwenye nacho na asiye nacho, mgonjwa na mzima, nyumba ya mzee wa kanisa na nyumba ya mtu asiyekuja kanisani. Kwa Jumapili 13 za kipupwe kila nyumba inafikiwa mara tatu. Hotpoti mbili zilizobaki hazina jina mpaka Jumapili asubuhi. Hizo huenda kwa yeyote aliyepatwa na jambo.

Zamu ya yule mama kijana ilipofika alikuwa amekwisha kuona hotpoti ikiingia kwa jirani zake wa kulia na kushoto. Akaipokea. Hatukumuuliza lolote, na yeye hakutueleza lolote. Baada ya siku chache alituletea hotpoti imeoshwa, ndani yake ameweka mayai matatu.

Aliyepata shida kupokea alikuwa mwenzetu wa karibu, mhazini wetu. Ana duka na ng'ombe wawili. Hotpoti ilipofika mlangoni kwake alisema, "Mimi sina shida, mpelekeeni mwenye njaa." Aliyeibeba alikuwa Bibi mwenyewe pamoja na mjukuu. Bibi hakuondoka. Alisema, "Mimi nilipokea, mwanangu. Wewe umekuwa nani hata usipokee?" Mhazini akaipokea. Jumatano alitueleza kwamba alikula akilia. Mtoto wake aliyekwenda mjini alikuwa hajampigia simu tangu Pasaka, naye kila jioni alikuwa akifunga duka na kula mkate mkavu kwa sababu hakuona maana ya kupika kwa ajili ya mtu mmoja. Tulikuwa tukinunua sukari kwake kila wiki. Hatukuwahi kufikiri kwamba nyumba yenye duka inaweza kuwa na njaa ya namna hiyo.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa jambo ambalo tumekuwa tukilikiri katika ibada tangu utoto. Mchuzi unaopikwa Jumamosi haujui utaliwa na nani Jumapili. Haumsubiri mtu akonde kwanza, wala aje kueleza shida yake, wala apimwe kama anastahili. Umekwisha kuiva kabla hajaomba. Tuliposema neno neema miaka yote hiyo, tulifikiri ni kitu ambacho Mungu huanza kukitafuta pale tunapolia, kama sisi tulivyokuwa tukianza kutafuta kuku baada ya taarifa kufika. Sasa tunaamini kwamba kilikwisha kuwa tayari.

Katika sura ya 21 ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanavua usiku kucha bila kupata kitu. Kunapokucha Bwana yuko ufuoni. Wanaposhuka pwani wanakuta moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate. Hawakuwa wamemwomba kifungua kinywa. Petro hakuwa amemaliza, wala hakuwa ameanza, kuzungumzia kule kumkana kwake kando ya moto mwingine. Chakula kilitangulia mazungumzo. Na jambo linalotugusa sisi wapishi ni kwamba Bwana, ingawa alikuwa tayari na samaki wake, aliwaambia walete na wale waliowavua wao. Tukisoma hapo tunamkumbuka mjukuu wa Bibi akija na kuku kwapani.

Hatusemi kwamba sasa tunafanya yote sawasawa. Mwaka jana mvua za masika zilichelewa kuisha, njegere zikaoza shambani, na Jumapili mbili tulipeleka mchuzi wa kuku mmoja ulioongezewa maharage. Wako ambao bado hawafungui mlango, na tunaheshimu. Pia sufuria haitoshi kwa wiki nzima. Kwa hiyo tumejiwekea sharti moja dogo: Jumatano, tukimaliza kumwombea mtu, hatuagani mpaka tumetaja kwa jina nani anakwenda kwake, saa ngapi, na amebeba nini. Mara nyingi kinachobebwa ni mzigo wa kuni za miwati. Maombi yetu yamekuwa mafupi kidogo tangu tuweke sharti hilo, kwa sababu kila anayeomba anajua anaweza kutumwa.

Ndugu msomaji, huenda huko uliko hakuna kipupwe cha kugandisha umande, na jirani yako hana haja ya mchuzi. Lakini kipo kitu ambacho watu wa mtaa wako wanakihitaji kila mwaka, majira yale yale, nawe unakijua. Usisubiri taarifa. Kiandae sasa, kabla hujajua ni cha nani, na zamu yako ya kupokea ikifika, fungua mlango.

Bibi bado tuko naye. Macho yake yamepungua nuru, hivyo kazi yake siku hizi ni kumenya njegere kwa kupapasa, ungo ukiwa mapajani. Mjukuu wake yuko Kidato cha Pili na ndiye anayebeba hotpoti za nyumba za mbali. Jumamosi iliyopita, wakati mchuzi unapoozwa, alikuwa ameinama juu ya beseni akikoroga, mikono imekuwa myekundu kwa baridi. Akauliza, "Bibi, hizi mbili zisizo na jina, kesho ni za nani?"

Bibi hakuinua uso kutoka kwenye ungo. "Utajua kesho," akasema. "Wewe koroga."